Kiapo cha Mjomba Dadi

Kibiti, nyumbani kwa Mzee Khamisi wa dukani,
mwezi wa Shaabani.

Kwa mjomba wangu Dadi bin Kondo, aliyeko Mahege.

Asalaam aleikum. Baada ya salamu nakuuliza hali yako, hali ya mkaza mjomba Bi Mashavu na hali ya dada Johari. Mgongo unakwendaje na masika haya? Nasikia huko mvua imekazana na mpunga umeshiba maji, ila nguruwe ndio wenye mashamba na nyinyi mmekuwa vibarua wao. Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi, na kula nakula. Kutulia ndiko kulikonishinda. Tangu asubuhi nimekaa, nimesimama, nimekwenda barabarani kutazama malori, nimerudi, nimekwenda tena. Mzee Khamisi ameniambia nikiendelea hivi nitamchimbia kisima ndani ya duka lake.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwangu, maana tangu uhame kisiwani kwetu hakuna aliyekuandikia. Nimeandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, makusudi kabisa, ili uisome mwenyewe na usilazimike kumpa mtoto wa shule akusomee mbele ya majirani. Jambo lenyewe ni kiapo chako. Nimelitaja mapema ili usije ukaikunja barua ukaitia chini ya mkeka. Lakini nakuomba, Mjomba wangu, usirukie mwisho. Nifuate polepole, kwa kuwa habari hii ilianzia darasani, na pasipo darasa hutaiamini.

Unajua kwamba nipo darasa la kumi na moja, katika shule ya serikali huko bara. Kila siku asubuhi tuna somo la kemia, na mchana tuna somo la viumbe, yaani biolojia. Yote mawili anatufundisha Mwalimu Haruni, mtu mfupi mwenye hasira za karibu na huruma za karibu vilevile, aliyesomea Uganda. Chumba cha kemia kina meza ndefu, taa za spiriti, na vichupa vyembamba vya kioo tunavyoviita tyubu. Ukivunja kimoja Mwalimu hukutazama kama umemvunjia jino.

Mwanzoni nililipenda somo hilo kupita kiasi. Siku moja Mwalimu alitengeneza hewa fulani yenye kunuka kama mayai viza, wanafunzi wote wakakimbilia madirishani wakiziba pua. Mimi nilibaki nimesimama navuta pumzi. Ilikuwa harufu ya tope la kwetu, Mjomba, tope la mikoko maji yanapokupwa, na machozi yakanitoka kwa kukumbuka nyumbani. Mwalimu akadhani hewa imenidhuru akanitoa nje. Siku nyingine alituchemshia maji ya chumvi mpaka yakakauka, akatuambia tutazame maajabu ya vijiwe vyeupe vilivyobaki, nami nikamwambia kwamba marehemu bibi alikuwa akifanya maajabu hayo kwa sufuria kila kiangazi. Darasa zima lilicheka.

Kwenye biolojia tulipasua vyura. Rafiki yangu Huseni, mtoto wa Tabora, anayekaa nami meza moja, aliuona moyo wa chura ukidunda juu ya ubao akaanguka chali. Kisha Mwalimu akauliza ni mti gani ambao mbegu yake huota ingali juu kwa mama yake. Nikasema mkoko, nikawaeleza jinsi mche unavyoning'inia mpaka uwe tayari, ndipo udondoke na kujichoma topeni. Tangu siku hiyo wakaniita Bwana Mikoko, nami nilivimba kichwa.

Basi shida ikaja. Mwaka huu tumeanza kupima chumvi za madini. Unapewa unga usioujua, unauyeyusha kwa maji, unatia dawa, kisha unatazama tope linalotua chini ya tyubu. Likiwa la kijani, basi ni chuma cha namna moja. Likiwa la rangi ya kutu, nyekundu-nyekundu, ni chuma cha namna nyingine. Wenzangu walitazama mara moja wakaandika. Mimi nilitazama mpaka macho yakauma. Niliona tope tu, tena tope lile lile. Nikadhani ni uvivu wangu, nikadhani ni njaa, maana tulikuwa tunafunga sunna siku zile. Nikamwuliza Huseni chini kwa chini, naye akanionea huruma. Tukapatana kwamba akikohoa ni kijani na akipenga kamasi ni nyekundu. Hivyo ndivyo nilivyofaulu, Mjomba, kwa mafua ya Huseni.

Nikasema mambo ya rangi yaishie hapo. Hayakuisha. Wiki chache kabla ya likizo, kwenye biolojia, tulifika somo la urithi, jinsi mtoto anavyochukua pua ya baba au kimo cha mama. Mwalimu Haruni akaleta kitabu chenye duara za madoa ya rangi, na ndani ya kila duara, alisema, imefichwa namba. Akakipitisha meza kwa meza. Wenzangu walizitaja namba kama watu wanaosoma bei ya sukari. Kilipofika kwangu niliona madoa, Mjomba, kama mchanga uliomwagwa. Nikakigeuza, nikakisogeza dirishani. Wakaanza kucheka, wakasema Bwana Mikoko leo amesahau kuhesabu. Mwalimu peke yake hakucheka.

Baada ya kipindi aliniita. Akanieleza kwamba yapo macho yanayoona mbali na karibu, usiku na mchana, yasiyo na ugonjwa wowote, ila hayatengi nyekundu na kijani, na nyekundu kwayo huzama ikawa giza-giza. Hayana dawa na si kosa la mtu. Tena akasema mwanamume huyapata kwa mama yake, na mama mwenyewe huona sawasawa kama watu wote, hata hajui kwamba amebeba kitu. Akaniuliza kama mama yangu ana ndugu wa kiume, maana huenda naye amezaliwa na macho hayo. Hapo niliomba ruhusa ya kukaa chini.

Nilikuwa mdogo mambo yako yalipotokea, lakini niliyasikia yakisimuliwa mpaka nikayajua kuliko sura yako. Wewe ulikuwa mnyapara wa wakata boriti. Kazi ilikuwa hivyo tangu enzi za babu: maji yakikupwa mnyapara anatangulia peke yake msituni, anatia kovu la panga kwenye kila mti wa kukatwa, na wakataji wanakuja nyuma yake. Panga la mnyapara haliulizwi. Miti ya mbegu, ile ya kuachwa, Bwana Miti, mkuu wa misitu wa serikali, alikuwa akiipaka chokaa nyeupe, na miaka yote hukugusa hata mmoja. Kisha ukaja msimu ambao watu wake walisema chokaa inaoshwa na bamvua, maji makuu ya mwezi, wakaibadili wakapaka rangi nyekundu. Ukaambiwa, ukaitikia, ukaingia mkono wa mto wenye ile mikoko mikubwa, ukatafuta alama usiione, ukadhani Bwana Miti hajafika huko. Ukatia panga. Wakataji waliziona alama, lakini waliona na kovu lako juu ya miti hiyo hiyo, wakasema mnyapara ana lake na wakubwa. Wakaiangusha karibu yote.

Nasikia jumbe alikuita faragha akakupa njia. Alikutaka uombe radhi, useme umepitiwa, nalo shauri litakwisha kwa karipio tu. Ukasema huwezi kuomba radhi kwa alama ambayo haikuwapo. Ukaingia msikitini mbele ya watu, Shehe Abdurahmani akashika Msahafu, ukaapa kwamba hukuona alama yoyote. Siku ya pili wakakuchukua mpaka kwenye ile michache iliyobaki imesimama, na kila mtu akaona wekundu, mpaka watoto wa chuo cha Kurani wakawa wanaonyesha kwa vidole. Ukasimama pale pale ukasema huoni kitu. Jela ulikwenda ukarudi, na watu wangeisahau. Kiapo ndicho ambacho hakikusahaulika. Mchumba wa binti yako, dada Johari, alivunja posa, ukaacha kuitwa kwenye hitima, na Mama akasema kwamba hana ndugu wa kuapa uongo kwa kitabu cha Mungu. Ndipo ukahamia Mahege.

Sasa fikiri nilivyosafiri kuja likizo. Usingizi haukunikaa. Tulipovuka kuja upande wa delta nilikuwa natamani kumshika kila abiria nimwulize kitambaa chake kina rangi gani. Nilipofika nyumbani Mama alikuwa barazani anasuka mkeka, na ukindu wake umelala makundi makundi, aliotia rangi na usiotiwa. Akaniomba nimpe mwekundu. Nikampa. Akaniambia kwamba nimekwenda shule kusomea upumbavu, maana tangu utoto wangu nampa wa kijani akitaka mwekundu, alidhani nikikua nitaacha uvivu. Nilimwomba tu kwamba kesho, maji yakikupwa, anipeleke kwenye ule mkono wa mto.

Alikataa kwa ukali. Alisema mahali pale hajapakanyaga tangu siku ile na hana haja. Nilimng'ang'ania mpaka akaona kwamba kuna jambo, akafunga kanga zake mbili, tukachukua mtumbwi. Miti ya mbegu bado ipo, na kila msimu inapakwa upya. Nilishuka topeni nikatafuta, shina kwa shina. Nilikwenda mbele nikarudi, nikainama, nikainuka. Miguu ikachoka, nikaegemea mkoko mmoja mkubwa nikamwambia Mama kwamba sijaona mti hata mmoja wenye alama, anionyeshe yeye ulipo. Nilipomgeukia alikuwa ameshika mdomo. Kisha akaniambia kwamba kiganja changu kimelala juu ya alama yenyewe.

Nikautazama mkono wangu, Mjomba. Niliona gome, na kivuli kidogo juu ya gome. Mama akaniuliza kama namfanyia mzaha, nikaapa siyo. Akaniuliza tena, akaniuliza mara ya tatu, kisha akaketi pale pale topeni na kanga zake safi, akalia kilio ambacho sikukisikia hata siku ya msiba wa bibi. Nilimweleza yote aliyonieleza Mwalimu. Alipofahamu kwamba macho haya mimi nimeyapata kwake, na wewe umeyapata kwa mama yenu, alisema basi wanawake wa nyumba yetu wamewapa watoto wao mzigo kisha wakawapiga kwa kuubeba.

Jioni ile ile tulikwenda kwa Shehe Abdurahmani. Amezeeka sana, na sauti yake ni ndogo. Alinisikiliza, lakini waliokuwapo barazani hawakunikubali. Mmoja alisema kwamba kijana amesomeshwa maneno ya Kizungu ili amwoshe mjomba wake. Shehe akatuma uletwe ukindu wa Mama, akauvuruga wote, akanimwagia mbele ya miguu, akaniambia nitenge mwekundu na wa kijani mbele ya watu. Nilitenga kwa bidii zangu zote. Nilipomaliza nilijiona nimefanya vizuri. Kumbe nilikuwa nimechanganya rangi, na yule aliyesema maneno ya Kizungu akainama akaokota nyuzi moja moja kutoka kila fungu, akawa anazitazama tu.

Ijumaa, baada ya sala, Shehe alisimama akasema kwamba mtu huapa juu ya kile alichokiona kwa macho aliyopewa na Mola wake. Akasema wewe uliapa kweli, na walioapa moyoni mwao kwamba wewe ni mwongo ndio wenye deni la toba, na yeye ni wa kwanza wao. Amenituma nikwambie anaomba radhi yako kabla hajafa, na kama miguu yake ingekuwa miguu angekuja mwenyewe. Sitakudanganya kwamba wote wameridhika. Wapo wanaosema mambo ya macho hawayajui, na barazani kwa Bwana Miti hakuna aliyetaka kunisikiliza. Karani aliniambia shauri lililokwisha limekwisha. Jela uliyoikaa hakuna wa kukurudishia. Nimesikitika na ninaendelea kusikitika.

Lipo jambo ambalo hata Mama hajalijua, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Siku ile Mwalimu Haruni aliponieleza habari ya macho yangu, aliniuliza swali moja. Aliniuliza kwamba, kama ndivyo, nimewezaje kufaulu majaribio yote ya kemia. Ningemwambia habari ya Huseni na kikohozi chake, yangekwisha. Badala yake nilimwambia kwamba nimejifundisha kutambua kwa namna tope linavyotua, zito au jepesi, kwa subira. Mjomba, aliniamini. Alinishika bega, akasema hajapata kuona mwanafunzi mwenye moyo kama wangu, na wiki ile ile akaliandika jina langu kuwa la kwanza kati ya watakaopelekwa kusomea uganga wa hospitali, katika chumba cha kupimia damu na mkojo. Wenzangu walinibeba juu juu. Nami nilifurahi.

Huko hospitali kazi yote ni rangi. Mkojo wa mgonjwa wa sukari unachemshwa na dawa, na rangi inayogeuka ndiyo inayosema atibiwe vipi. Kwangu kijani na nyekundu vitakuwa tope lile lile, na hakuna Huseni wa kunikoholea. Tangu nitoke shule najiambia nitazoea, nitapata ujanja, Mungu ni mkubwa. Kisha nakukumbuka umesimama mbele ya ule mti na watoto wanakuonyeshea vidole, na neno moja tu la uongo lingekurudisha nyumbani kwako, nawe hukulisema. Wewe ulisema kweli ukaitwa mwongo. Mimi nimesema uongo nikabebwa mabegani. Basi ndiyo maana siwezi kukaa, siwezi kusimama, na sakafu ya Mzee Khamisi inakwisha.

Shule imekwisha kufunguliwa. Malori mawili ya kwenda Dar es Salaam yamepita nami nikiyatazama. Nimeamua kwamba nikirudi, nitamwendea Mwalimu Haruni kabla sijaweka sanduku bwenini, nimweleze yote, na jina langu alifute. Huenda nikafukuzwa. Huenda Huseni naye akaadhibiwa, na hilo linaniuma zaidi, ingawa yeye aliniambia siku ya kuagana kwamba amechoka kuwa na mafua. Sikuombi ushauri, Mjomba, maana ulikwisha kunishauri kabla sijaota ndevu. Naomba dua yako tu, nisije nikageuka njiani.

Barua hii anakuja nayo kijana wa Mzee Khamisi kwa baiskeli. Tumeituma itangulie kwa sababu Mama ameona haya kukutokea mlangoni kama mtu aliyetoka tu kuchota maji kisimani. Ndiyo, Mama yupo hapa Kibiti. Tulikuja pamoja. Yuko uani, kikapu chake amekwisha kukifunga, na kila nikitoka kwenda barabarani namkuta amekifungua anakifunga tena, kwa hiyo ujue kwamba kutotulia ni ugonjwa wa nyumba nzima.

Nisalimie Bi Mashavu, mwambie sijasahau vitumbua vyake. Nisalimie dada Johari, na umwambie kwamba nyumbani kwetu jina lake linatajwa kwa heshima. Wasalimie wote wanaokusalimia, na wasiokusalimia pia, kwa kuwa hawajui. Mungu akuweke, akupe nguvu ya mgongo na subira ya kuwavumilia nguruwe.

Ndimi mwana wa dada yako,
Mwinjuma.

Nilitaka kumalizia kwa kuandika salamu za Mama, naye akakataa. Amesema salamu hizi hazitoki kwa mkono wa mtoto. Amechukua kalamu mwenyewe, yeye ambaye hajaandika tangu atoke chuoni, na mistari hii michache hapa chini imemchukua alasiri nzima.

Kaka Dadi. Ni mimi Mwanaheri. Uliapa kweli. Niite nije. Usiponiita nakuja vilevile, nitalala nje ya mlango wako mpaka useme jina langu.